Modemu ya Mtumba na Tanki la Olbalbal

Jumatatu, 2 Septemba

Saa mbili na dakika kumi. Modemu imelia, imekoroma, imetulia. Ripoti imefika. Mstari wa chini: alama 22. Nimempigia Mzee Parmwat nikamwambia 22. Ameshukuru. Kisha akasema ni ajabu Mbulu wa Kansay kujua maji ya Wamasai kuliko Wamasai wenyewe. Nikamjibu kwamba siku akishika jembe, na mimi nitashika fimbo. Utani wetu ni huu huu kila Jumatatu na hatuuchoki.

Mama mkwe jana aliniuliza tena kazi yangu hasa ni nini. Nikamweleza upya. Kule Olbalbal kuna tanki la kisima. Ndani ya tanki kuna kipimo, alama sifuri hadi thelathini. Kuna kisanduku kinachoandika alama kila asubuhi. Kompyuta yangu hapa Karatu inakipigia simu hicho kisanduku kupitia modemu, kinatuma ripoti ya siku kumi, mimi nachukua mstari wa chini ambao ndio wa leo. Nampa Parmwat. Yeye ndiye mgawa zamu za kunywesha, na anakaa mbali na tanki, nusu siku kwa miguu. Akisikia alama ndipo anaamua ng'ombe wa boma gani waondoke. Wengine wanatembea siku nzima na kipande cha siku ya pili. Alama zikiwa chini ya kumi haondoki mtu, maji yanabaki ya watu na ndama.

Mama mkwe akafikiri. Akasema kumbe napiga simu tu. Ndiyo, mama. Napiga simu tu.

Modemu hii leo ni siku yake ya kwanza. Ile ya zamani ilikufa Alhamisi. Hii ni ya mtumba, imetoka Arusha kwa basi, imefungwa kwenye gunia la mahindi. Mdomo wake ni mdogo kuliko wa ile ya zamani, kebo yetu ikakataa kuingia. Hemedi, fundi redio na simu wa jirani, ametengeneza kebo mpya. Amesema hii itadumu hadi inizike.

Jumanne, 3 Septemba

22 tena. Sawasawa na jana. Nikaona ajabu kidogo, nikapita. Parmwat amesema ng'ombe wa Naishiye waliondoka jana mchana, ndio wenye zamu.

Nimenunua sabuni. Upepo mwingi, vumbi limeingia hadi kwenye kibodi.

Jumatano, 4 Septemba

Simu ya Parmwat imenikuta bado nasukuma mlango wa ofisi. Hakuuliza habari za nyumbani. Aliuliza, "Mama, maji iko wapi?"

Tanki lina tope. Alama tatu, labda. Ng'ombe wa Naishiye walifika jana jioni, kumi na wanne, wakalamba saruji ya birika. Naishiye ni mjane wa mdogo wake Parmwat. Boma lake liko mbali kuliko yote, ndiyo maana zamu yake huwa inatangulizwa. Wamelala pale pale na kiu. Asubuhi hii wameanza kurudi.

Nikasema ni mtandao. Nikasema mtandao unasumbua tangu Jumatatu. Uongo umenitoka kwa urahisi kama chafya, na yeye akaupokea. Alisema pole.

Nikakaa. Nikafungua ripoti ya jana na ya juzi. Safu ya tarehe iko kushoto kabisa. Miaka minne macho yangu yanateremka kulia, chini, moja kwa moja kwenye alama. Leo nimeangalia kushoto. Mstari wa chini wa Jumatatu ni wa tarehe 30 Agosti. Ijumaa. Mstari wa chini wa jana pia ni wa tarehe 30 Agosti. Siku kumi hazikufika kumi. Juzi zilifika saba, jana sita. Nilimpa Parmwat maji ya Ijumaa, Jumatatu na tena Jumanne.

Nimepiga modemu mara nne. Mara ya kwanza mistari minane. Ya pili mitano. Ya tatu minane. Ya nne sita. Kisanduku ni kile kile, tanki ni lile lile. Ile salamu fupi ya mwanzo, jina la kituo na saa, inafika nzima kila mara. Ripoti ndefu inakatika, na kila mara inakatikia mahali tofauti. Sielewi kitu.

Nina hasira na modemu. Hapana. Modemu iliandika tarehe.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimempata Tluway. Ndiye aliyeniachia kiti hiki alipohamia Dodoma. Amecheka kwanza, halafu aliposikia habari ya ng'ombe akaacha.

Niandike alivyosema, maana kichwa changu hakishiki. Modemu inapokea maneno kutoka Olbalbal na kuyamwagia kompyuta. Kompyuta yetu ni nzee. Ikizidiwa inaacha mengine yaanguke. Programu ikikuta mstari ulioharibika inaacha hapo hapo, inaonyesha iliyotangulia tu. Kwa hiyo yanayopotea ni ya mwisho, na ya mwisho ndiyo ya leo. Lazima kompyuta iwe na namna ya kuiambia modemu ngoja kwanza, nimeshiba. Namna hiyo anaiita floo kontroo. Ziko tatu: kutokuwa nayo kabisa, kusema kwa waya, kusema kwa ishara zinazopita humo humo kwenye maneno. Modemu ya zamani ilikuwa ya waya. Hii ya mtumba imekuja bila kitu.

Akanisomea amri: AT&K3. Hiyo ni ya waya. Nikaandika herufi kwa herufi. Modemu ikajibu OK. Upande wa kompyuta nikachagua ya waya pia, kama alivyoniambia. Nikapiga simu Olbalbal.

Imelia, imekoroma, imeunganisha. Kisha kimya. Hata ile salamu fupi haikuja. Nimengoja dakika kumi na tano, nimekata, nimepiga tena. Kimya. Jana nilikuwa na mistari nusunusu. Leo nimerekebisha, sina hata mmoja.

Parmwat alipiga saa nne kuuliza alama. Nikasema sijui. Sijawahi kumwambia hivyo tangu nianze kazi. Amesema basi, atatuma mtu kwa miguu. Kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba ng'ombe mmoja wa Naishiye alilala njiani wakirudi na hakuinuka. Wa maziwa. Ana ndama.

Sikula mchana.

Ijumaa, 6 Septemba

Tluway amesema tujaribu ya ishara. AT&K4. OK.

Ripoti imefika yote. Mistari kumi. Nimeanza kushoto, kidole kwenye skrini, tarehe moja moja. Agosti 30, 22. Agosti 31, 14. Septemba 1, 8. Kisha 5, 3, 3, 8. Leo 13. Ni kweli basi alivyosikia Parmwat: Jumamosi na Jumapili walikuja watu wa upande wa pili, wakanywesha bila zamu, na pampu ya sola haikuweza kujaza. Yote yaliandikwa. Jumatatu tanki lilikuwa na alama tano na mimi nikasema ishirini na mbili.

Nimemwambia Parmwat 13, ya leo, tarehe sita. Alisema ndiyo, mtu wake amefika tanki asubuhi, ni 13. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Sikufurahi kama nilivyotarajia.

Jumamosi, 7 Septemba

Imekwama.

Mistari tisa imefika vizuri, mpaka ya jana, 13. Halafu kimya. Nikapiga tena. Imesimama hapo hapo. Nikapiga mara sita. Hapo hapo mara zote sita. Jumatano ilikuwa inakatikia popote ipendapo. Leo inakatikia mahali pamoja tu, kama punda aliyeona nyoka.

Hemedi amechungulia dirishani akauliza kama kebo yake ina neno. Nikasema haina.

Nimemtumia Tluway ujumbe. Hajajibu. Simu ya Parmwat ilipoita nikaiacha iite mpaka ikanyamaza. Nimeona aibu na bado sikuipokea.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya ibada nimepita ofisini na gauni la kanisani. Imekwama pale pale, baada ya 13 ya Ijumaa. Nimerudi nyumbani. Padri alihubiri kuhusu wakili mwaminifu. Nilitazama viatu vyangu.

Jumatatu, 9 Septemba

Tluway amejibu, na jibu lake limenichanganya zaidi ya swali.

Anasema kwenye njia ya ishara, "simama" ni namba. Namba yenyewe ni 19. Kisanduku kinatuma alama kama namba tupu. Kama Jumamosi tanki lilifika alama 19, basi kompyuta iliona 19, ikadhani imeambiwa isimame, ikasimama. Kisanduku kikangoja kujibiwa, kikachoka, kikakata. Na kila nikipiga, inapita mistari yote hadi kufika hapo, inaambiwa tena isimame, inatii.

Nikamuuliza nitajuaje kama ni 19 wakati haifiki. Akasema hiyo ndiyo dalili, kwamba haifiki. Nikamuuliza kama anasikia anachosema. Akaniambia turudi kwenye ya waya, ile isiyofanya kazi, kwa sababu ndiyo sahihi. Nikamwambia mimi naona moja haifai na ya pili haifai na ya tatu haifai. Akasema labda kisanduku cha Olbalbal nacho kina kasoro, mtu aende akaangalie taa yake. Kijani ni salama, nyekundu ni mbovu.

Parmwat naye amenitumia ujumbe wa maneno matatu. Uje uone mwenyewe.

Nimepata nafasi kwenye lori la mahindi la kesho.

Jumanne, 10 Septemba

Tumeondoka kabla ya jua. Kwenye geti la hifadhi foleni ya magari ya watalii, dereva wetu akaapa kwamba wazungu wanaamka mapema kuliko jogoo. Juu mlimani ukungu na baridi, nimejifunika kitenge hadi masikio. Tukashuka upande wa pili na ukungu ukaisha kama umekatwa kwa kisu, na chini yake vumbi tupu. Saa tano tulikuwa kwenye tanki.

Taa ya kisanduku ni ya kijani. Kisanduku hakina neno.

Parmwat alikuwa pale. Miaka minne ya simu na tumeonana mara mbili tu. Mrefu kuliko sauti yake. Akanipa mkono, akauliza habari za Karatu, za mama mkwe, za mvua, zote kwa utaratibu. Kisha akasema nisubiri, kuna watu wananywesha, ni zamu yao.

Nikasubiri. Nikaangalia. Birika ni moja na linajaa polepole. Ng'ombe walikuwa mia na zaidi, wanasikia harufu ya maji, lakini hakuna aliyewaacha wakimbilie. Wamezuiwa mbali, hatua mia hivi. Mtu mmoja amesimama birikani na fimbo. Mwingine yuko mbele ya kundi. Huyu wa mbele ya kundi haangalii maji wala haangalii ng'ombe. Anaangalia fimbo. Ikiinuliwa, anazuia. Ikishushwa, anaachia kumi hivi, wanakuja wanakunywa. Birika likipungua fimbo inapanda tena. Hakuna ng'ombe aliyeumia, hakuna maji yaliyomwagika.

Nikamuuliza Parmwat kwa nini yule wa birikani hapigi kelele tu akasema ngoja. Alinitazama kama nimeuliza kwa nini tunavaa nguo.

"Ng'ombe wanalia, punda wanalia, mbwa wanabweka. Sauti itapita wapi? Itapotea katikati ya ng'ombe. Fimbo haipiti njia ya ng'ombe."

Nikabaki na hilo kichwani. Ishara zinazopita humo humo kwenye maneno ndizo zile za namba 19. Ni kupiga kelele katikati ya ng'ombe. Ya waya ndiyo fimbo. Kompyuta inainua fimbo, modemu inaiona pembeni, inazuia. Sasa kama fimbo imewekwa na bado hakuna ng'ombe hata mmoja anayekuja, je, si kwamba yule wa mbele ya kundi haioni fimbo? Anangoja ishushwe na hakuna fimbo machoni pake. Atazuia mpaka kesho.

Nilitaka lori ligeuze saa ile ile. Lakini sikuja kwa ajili ya modemu peke yake.

Naishiye ameshahama. Amejenga kibanda cha fito hatua chache kutoka tanki, yeye na mbuzi wake, ng'ombe amewaacha kwa shemeji zake. Hajui Kiswahili kingi. Parmwat akatafsiri. Nilisema kwamba haukuwa mtandao. Nilisema niliwadanganya. Nilisema ripoti ilikatika, tarehe ilikuwepo, mimi nikasoma alama bila kusoma tarehe, siku mbili mfululizo. Parmwat aliacha kutafsiri katikati akanitazama, maana na yeye alikuwa anasikia mara ya kwanza. Kisha akaendelea.

Naishiye akauliza swali moja. Parmwat akalileta: hukuweza kuona, au hukuangalia?

Sikuangalia.

Alichukua muda mrefu kulitafsiri neno hilo moja. Naishiye akaingia kibandani, akatoka na kikombe. Chai ya rangi. Akasema jambo, na Parmwat hakulitafsiri, lakini nililielewa kwa sababu alionyesha kikombe. Maziwa hakuna. Nikanywa yote. Ilikuwa tamu na ya moto na nilikuwa nalia, na hakuna aliyenibembeleza, na ilikuwa sawa.

Jumatano, 11 Septemba

Nimemkuta Hemedi anafungua duka. Nimemwomba afungue kebo yake mbele yangu. Hakupenda. Alisema kebo haina neno, ameipima kwa mita mbele yangu, mimi mwenyewe nilisema Jumamosi haina neno. Nikasema nilisema bila kuangalia, na tabia hiyo nimeiacha.

Akafungua mdomo wa kebo. Pini tisa. Waya tatu tu.

Nikamuuliza nyingine ziko wapi. Akasema waya tatu zinatosha: moja ya kusema, moja ya kusikia, moja ya ardhi. Ameunga mashine za watu miaka kumi na tano kwa waya tatu, hakuna aliyerudi kulalamika. Waya nzuri ni adimu, hizi amezivua kwenye simu ya zamani ya mezani, kwa nini azichomelee mahali zisipohitajika. Alikuwa anasema kweli. Kwa salamu fupi waya tatu zinatosha. Kwa modemu iliyowekwa bila floo kontroo tatu zinatosha, mpaka siku ripoti itakapokuwa ndefu.

Nikamweleza habari ya fimbo. Nilidhani atanicheka. Aligeuza ule mdomo mara mbili mkononi. Akauliza ng'ombe walikuwa wangapi. Nikamwambia kumi na wanne, na mmoja amekufa. Akasema "Inna lillahi," kwa sauti ndogo. Hakusema samahani na mimi sikuitaka, maana kosa lake na langu ni ndugu. Sote tulizoea.

Amesema anahitaji siku moja. Amevunja redio yake mwenyewe kupata waya.

Alhamisi, 12 Septemba

Kebo mpya, waya tano. Ya kusema, ya kusikia, ya ardhi, na mbili za fimbo: moja ya kompyuta kuizuia modemu, moja ya modemu kuizuia kompyuta. Hemedi amekaa kwenye kiti cha wageni kusubiri, mikono magotini.

AT&K3. OK. Nikapiga.

Mstari wa kwanza. Wa pili. Ikawa inakuja kidogo, inasimama, inakuja. Nilizoea ije kwa mkupuo. Leo inasubiriana. Mstari wa tarehe 6, 13. Mstari wa tarehe 7, 19, umepita bila kusita. Tluway alikuwa sahihi, nitamwambia, atajisifu mwezi mzima. Mpaka tarehe 12. Mistari kumi, nimehesabu kwa kidole, kushoto kwanza.

Hemedi ameinuka akaenda dukani kwake. Baada ya muda nimesikia anaimba.

Ijumaa, 13 Septemba

Jana jioni umeme ulikatika. Asubuhi nimewasha, nimepiga, mistari sita. Sita. Nimekaa nikiangalia ukuta. Kila kitu kimewekwa sawa, kebo ni ile ile, waya ni tano, nimezihesabu upya, na tumerudi Jumatano ya wiki iliyopita.

Mara hii niliangalia tarehe kabla ya kugusa simu. Mstari wa chini ulikuwa wa Jumatatu. Nikamwambia Parmwat sina ya leo, nina ya tarehe tisa, haifai, asiitumie. Akasema sawa.

Tluway: je, uliihifadhi? Hakuna aliyeniambia nihifadhi. Anasema modemu ikizimwa inasahau yote uliyoiambia, isipokuwa umeiamuru ikumbuke. AT&W. Kwa hiyo ile OK ya jana ilikuwa OK ya mtu anayekubali tu ili uondoke. Nimeweka upya &K3, nimeandika &W, nimezima modemu kwa makusudi. Nimekunywa maji. Nimewasha. Mistari kumi.

Nimezima na kuwasha mara tatu zaidi. Kumi, kumi, kumi. Siamini bado. Nimebandika karatasi ukutani yenye zile amri mbili, na chini yake neno TAREHE kwa kalamu nyekundu.

Jumatatu, 16 Septemba

Mistari kumi. Wa chini ni wa leo. 21.

Nimempigia Parmwat, nimesema tarehe kwanza, kisha alama. Akasema subiri. Akakata. Dakika nne baadaye akapiga: ndiyo, ni 21, watu wa zamu waondoke. Nikamuuliza alikuwa anafanya nini hizo dakika nne. Alinijibu bila kuzunguka. Alikuwa anampigia Naishiye. Kila asubuhi, nikishasema mimi, anamwuliza Naishiye, ambaye anatoka kibandani na kwenda kuangalia tankini kwa macho yake. Ameomba kazi hiyo mwenyewe. Hataki tena ng'ombe wa mtu yeyote waondoke kwa kuambiwa.

Ni Jumatatu, na hakutania. Na mimi sikuanza.

Nikamwomba namba ya Naishiye. Akanitajia.

Nimempigia saa tatu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno machache ya Kimasai aliyonifundisha dereva wa lori, ya kusalimia mwanamke. Sikupata nafasi. Alipokea, akasema, "Ishirini na moja," akakata.

Nimeandika 21 kitabuni. Chini yake nimeandika 21 nyingine, na pembeni jina lake.